Kazi ya Mungu Haina Makosa, Yetu Je?

Hadithi zetu sisi vijana zina ugonjwa mmoja. Mwandishi akikwama, akawa haoni njia ya kumfanya mhusika wake awe yatima mwenye hasira na dunia, anampeleka mama yake leba. Ukurasa unaofuata mama kashafariki. Yanakuja maturubai, mikeka, vilio, na mzee mmoja anasimama anasema: kazi ya Mungu haina makosa. Basi. Hadithi inaendelea na mtoto. Mama kazi yake ilikuwa kufa, na kazi hiyo ameshaimaliza.

Hebu nikuulize, ndugu mwandishi: alikufa kwa nini? Utaniambia "alitokwa na damu nyingi". Sawa. Damu ilianza kutoka saa ngapi? Nani aliipima? Alipewa dawa gani, na baada ya dakika ngapi? Hapo unanyamaza. Lakini wewe huyo huyo ukiandika juu ya mtu aliyepigwa risasi, unajua bastola ilinunuliwa wapi, ilishikwa na mkono gani, na mwizi alitorokea uchochoro upi. Kwenye mauaji wewe ni mpelelezi hodari. Kwenye kifo cha mzazi unafumba macho, unamwachia Mungu kesi.

Sina ugomvi na msemo huo ukitamkwa msibani. Mfiwa anahitaji kitu cha kushika. Ugomvi wangu unaanza pale unapotoka msibani ukaingia wodini, ukaingia ofisi za wakubwa, ukaingia kwenye kalamu zetu, ukawa jibu la swali ambalo Mungu hakuulizwa. Walioulizwa ni sisi. Kazi ya Mungu haina makosa, nimekubali. Yetu je?

Kwa hesabu za Umoja wa Mataifa, mwaka 2023 walikufa wanawake wapatao 260,000 duniani kwa sababu za ujauzito na uzazi. Hiyo ni zaidi ya 700 kila siku. Kati ya kila kumi, karibu saba walikufa katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara, yaani huku kwetu. Sababu inayoongoza ni kutoka damu. Sio jini, sio jicho la mke mwenza, sio bahati mbaya. Damu, kitu ambacho kinaonekana, kinapimika na kinazuilika.

Sasa nenda kijiweni. Mtu aseme mshambuliaji fulani wa Simba ni mkali kuliko yule wa Yanga. Ataachwa? Thubutu! Ataulizwa: kafunga mangapi? Mechi ngapi? Mangapi ya penalti? Alikuwa anacheza na timu gani? Vijana wa mjini hatukubali sifa bila hesabu, ikiwa ni mpira. Lakini dada yetu akirudi kutoka leba akasema alinyolewa, akachanwa, akalazwa chali usiku kucha peke yake, hakuna anayeuliza: hayo yote yana faida gani, na nani kahesabu? Tunasema "pole", tunauliza mtoto jinsia gani.

Hicho ndicho wataalamu wanachokiita tiba ya ushahidi, na usitishwe na jina. Ni swali la kijiweni lililovaa koti jeupe. Unataka kujua kama jambo fulani linamsaidia mzazi? Chukua wazazi wengi waliokubali, wagawe kwa kura, usichague nani aende wapi. Kundi moja lifanyiwe jambo hilo, jingine lisifanyiwe, au lifanyiwe lile la siku zote. Halafu hesabu. Nani kapona, nani kaumia, nani kafa. Mwingine afanye hivyo hivyo mahali pengine. Kisha kusanya majaribio yote, hata yale yasiyokupendeza, uyasome pamoja. Basi, ni hilo tu. Halihitaji uwe na cheo. Kwa kweli adui yake mkubwa ni cheo, maana mwenye cheo amezoea kujibu "ndivyo tunavyofanya hapa".

Na "ndivyo tunavyofanya hapa" ni jibu la zamani sana. Mwaka 1847 mjini Vienna, hospitali moja kubwa ilikuwa na wodi mbili za wazazi. Ya kwanza ilikuwa ya madaktari na wanafunzi wao, ya pili ya wakunga. Ile ya madaktari ilikuwa inaua kwa homa ya uzazi kuliko ya wakunga, na wanawake wa mjini walijua. Walikuwa wanapiga magoti wakilia wasilazwe ya kwanza. Daktari kijana, Ignaz Semmelweis, akagundua kwamba wenzake wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kupima wazazi. Akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini. Mwezi wa Aprili wodi ile ilikuwa imeua wazazi 18 katika kila 100. Mwezi wa Juni walikufa kama wawili. Unadhani alishangiliwa? Wakubwa waliona wanatukanwa: mikono ya bwana daktari iwe michafu? Semmelweis alikufa mwaka 1865 katika nyumba ya wagonjwa wa akili, na hoja yake ikiwa bado inapigwa vita.

Nataka uone jambo moja katika kisa hicho. Wanawake waliopiga magoti walikuwa na ushahidi kabla ya daktari. Walikuwa wamehesabu majeneza. Hakuna aliyewauliza.

Miaka ikapita, dawa zikaongezeka, mashine zikaingia, mazoea yakabaki. Mwaka 1979 daktari aliyezaliwa Uskochi, Archie Cochrane, alizitazama fani zote za udaktari akaamua kutoa zawadi ya kijiko cha mbao, ile ya kumcheka aliyeshika mkia. Akawapa wakunga wakuu wenye digrii, madaktari wa uzazi. Kwa maneno mengine, hakuna waliokuwa wanafanya mambo mengi bila kuyapima kama wao. Kwa bahati njema wapo waliokubali kuchekwa wakajifunza. Iain Chalmers na wenzake walikusanya majaribio yote ya ujauzito na uzazi waliyoweza kuyapata, na mwaka 1989 wakatoa vitabu viwili vizito vilivyosema wazi: hili linasaidia, hili halisaidii, hili linadhuru. Mwaka 1992 kikafunguliwa kituo cha Oxford kwa jina la Cochrane, na kutoka hapo mtindo ukaenea kwenye fani zote za tiba. Kwa hiyo tusidharau leba. Tabia ya kudai ushahidi katika tiba ya leo ilikulia kwenye vitanda vya wazazi.

Sasa tuyatazame mazoea yenyewe.

Kunyoa. Mzazi ananyolewa nywele za siri eti kuzuia vijidudu. Jaribio la kwanza la jambo hili lilichapishwa Marekani mwaka 1922. Mia moja na zaidi ya miaka! Faida haikuonekana, na majaribio ya baadaye hayakuiona pia. Shirika la Afya Duniani limesema isiwe desturi. Lakini bado wapo wanaomwambia binti mwenye uchungu atoe wembe kwenye mkoba wake. Kusafishwa tumbo kwa maji ya sabuni kabla ya kuzaa, hivyo hivyo: halijathibitika kuzuia maambukizo, limethibitika kuudhi.

Kuongezwa njia. Yaani kuchanwa kwa mkasi ili mtoto apite. Kulikuwa na hospitali ambazo kila mzazi wa mimba ya kwanza alichanwa, awe anahitaji au hahitaji. Sababu iliyotolewa ilisikika ya kisomi: bora mchano ulionyooka kuliko kuchanika ovyo. Argentina waliipima, matokeo yakatoka mwaka 1993, wanawake zaidi ya 2,600. Kundi moja lilichanwa kwa desturi, jingine lilichanwa pale tu ilipolazimu. Desturi haikuwalinda na kuchanika kubaya, na iliwaongezea nyuzi na maumivu. Mkasi una siku yake, mtoto akiwa taabuni na njia imegoma. Lakini mkasi wa desturi ni jeraha la bure. Fikiria mwanamke anayekaa upande mmoja wa kiti wiki tatu, anaogopa haja, anaogopa mumewe, kwa sababu tu kitabu cha mwalimu wa mwalimu wake kilisema hivyo.

Kulala chali. Mama anapanda kitanda, anaambiwa alale hivyo asiinuke. Ukisoma majaribio yaliyokusanywa, wanaotembea na kukaa wima wakati njia inafunguka, uchungu wao unakuwa mfupi kwa zaidi ya saa moja kwa wastani. Saa moja ya uchungu, kaka, sio saa moja ya kusubiri daladala. Kulala chali kunamfaa nani basi? Kunamfaa anayetazama. Kwa hiyo mtu mwenye kazi ngumu kuliko wote chumbani amepangiwa mkao wa kumfaa asiye na kazi hiyo.

Upweke. Hili ndilo linalonitia hasira zaidi. Mama mkwe, dada, mume, rafiki, wote wanabaki nje ya geti na chupa ya uji. Ndani mzazi hana hata mkono wa kuushika. Majaribio zaidi ya 20, yenye wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yamekusanywa na kusomwa pamoja. Mzazi mwenye mtu wa kumtia moyo mfululizo ana nafasi kubwa zaidi ya kuzaa kwa njia ya kawaida, uchungu wake ni mfupi zaidi, operesheni zinapungua, na anatoka bila kinyongo na siku ile. Hakuna dawa dukani yenye sifa hizo zote. Na hii haiuzwi! Ni shangazi yako na kanga yake. Tangu mwaka 2018, katika mwongozo wake wa huduma za uzazi, Shirika la Afya Duniani linasema kila mzazi awe na mwenzi anayemtaka mwenyewe.

Najua jibu: wodi ni ya wazi, vitanda vimebanana, mume wa huyu atamwona mke wa yule. Ni kweli. Basi tusiseme "hairuhusiwi". Tuseme "hatujanunua mapazia". Hiyo ndiyo tofauti ya sheria na uvivu. Mapazia yananunulika. Na palipo hata nafasi ya mwanamume hapana, mama mzazi au dada anaingia wapi kwenye tatizo hilo? Vipo vituo vilivyokwisha kuruhusu, na dunia haijapinduka.

Hapo utamsikia msomi wa kijiweni: "Hizo ni tafiti za Wazungu, sisi mazingira yetu tofauti." Nimelisubiri hilo. Kaa sawa.

Kwa muda mrefu damu ya mzazi imekuwa ikipimwa kwa macho. Nesi anatazama shuka, anatazama beseni, anakadiria. Macho yanadanganya. Damu imenyonywa na godoro, imechanganyika na maji, taa ni hafifu, na nesi ana wengine watano wanamwita. Anaposhtuka, mzazi keshaanza kupoa mikono. Basi wakapatikana watafiti waliofanya kazi katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Hospitali ziligawanywa kwa kura. Nusu ziliendelea na utaratibu wa siku zote. Nusu ziliwekewa mzazi chini yake nailoni yenye mfuko wa kukinga damu, mfuko una mistari ya vipimo kama jagi la jikoni. Damu ikifika mstari wa hatari, hakuna kubishana. Mambo yote yanafanywa kwa mpigo: kusugua tumbo la uzazi, dawa ya kulikaza, dawa ya kusaidia damu igande, dripu, kuchunguza inatokea wapi, kuita msaada. Zamani mambo hayo hayo yalikuwa yanafanywa moja moja: jaribu hili, subiri, jaribu lile.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Palipokuwa na mfuko, kutoka damu kupita kiasi kuligunduliwa mara 93 katika kila 100. Palipotumika macho, mara 51. Nusu walikuwa wanapita bila kuonekana! Na wale waliofikia hali mbaya kabisa, kutoka damu ya lita moja na zaidi, au kupasuliwa tumbo kwa ajili ya damu, au kufa kwayo, walikuwa 43 katika kila 1,000 upande wa macho, na 16 upande wa mfuko. Haikuwa London hiyo. Ilikuwa hospitali za kwetu, manesi wa kwetu, damu ya dada zetu. Mzungu gani tena?

Soma tena tarakimu hizo taratibu, wewe mwenye hadithi ya yatima. Kati ya 43 na 16 kuna wanawake 27. Hao 27 hawakuokolewa na muujiza. Waliokolewa na nailoni yenye mistari, na watu waliokubaliana mapema nani afanye nini. Sasa niambie, siku ambayo mfuko haukuwepo na mama akaenda, ilikuwa kazi ya nani?

Tuje kwenye kifafa cha mimba, maana huko ndiko waandishi wetu wanakopenda sana majini. Bibi harusi wa juzi ana mimba ya miezi minane, miguu imevimba, kichwa kinauma, anaona vimulimuli, ghafla anaanguka anatikisika. Katika hadithi anaitwa mganga, kuku anachinjwa, siri ya familia inafichuka. Hadithi tamu. Lakini mwaka 1995 yalitoka matokeo ya jaribio lililofanywa katika hospitali za Afrika, Amerika ya Kusini na India, likazishindanisha dawa za kifafa hicho. Ikashinda magnesiamu salfeti, chumvi ya zamani, ya bei nafuu, iliyokuwa ikibezwa na mabingwa wa nchi nyingi waliozoea dawa zao. Mwaka 2002 jaribio jingine, wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, likaonyesha kwamba ukimpa mwenye dalili kabla hajaanguka, unapunguza kwa nusu hatari ya kuanguka. Presha ipimwe kliniki, mkojo upimwe, sindano iwepo. Jini gani linakimbia chumvi? Andika jini ukitaka, kalamu ni yako. Ila msomaji wako wa miaka 19, mjamzito, atakayeona vimulimuli kesho, amejifunza kwako aende wapi?

Sitaki uondoke hapa ukidhani mazoea ni ya kina bibi na waganga peke yao, na kila kinachotoka dukani kwenye boksi ni ushahidi. Marekani waliwapa wajawazito kidonge kinachoitwa DES, eti kinazuia mimba kuharibika. Mwaka 1953 jaribio la Chicago likaonyesha hakizuii kitu. Waliacha? Waliendelea karibu miaka 20, mpaka mwaka 1971 walipoonekana mabinti wadogo wenye saratani adimu ya uke, mabinti ambao mama zao walimeza kidonge hicho wakiwa nao tumboni. Ushahidi ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuusikiliza.

Na hata dawa nzuri iulizwe maswali. Mtoto njiti hufa mara nyingi kwa sababu mapafu hayajakomaa. Mwaka 1972 madaktari wawili wa New Zealand, Liggins na Howie, walionyesha kwamba sindano ya steroidi kwa mama kabla ya kujifungua inamsaidia mtoto kupumua. Majaribio mengine yakafuata, lakini hayakukusanywa pamoja mpaka mwisho wa miaka ya themanini, na wakati huo wote madaktari wengi hawakuitumia. Watoto walikufa na jibu likiwa kabatini. Kosa la kwanza hilo, kuchelewa. Basi watu wakasema: safi, tuipeleke kila mahali haraka. Wakaipeleka mpaka ngazi za chini katika nchi sita, Kenya ikiwemo. Matokeo ya mwaka 2015: watoto njiti hawakuokoka zaidi, na vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka. Mahali pasipo na vipimo vya uhakika vya umri wa mimba wala huduma ya njiti, dawa ile ile ilidhuru. Jaribio jingine, katika hospitali zenye huduma hizo, Kenya ikiwemo tena, likatoa matokeo mwaka 2020: inaokoa. Umeona? Swali halikuwa "dawa nzuri au mbaya". Swali lilikuwa nani, wapi, na pamoja na nini. Anayekuambia sayansi ni imani kama imani nyingine aulizwe: ni imani ipi nyingine inayojikagua namna hii na kusema hadharani "hapa tuliumiza watu"?

Kwa hiyo bibi zetu nao tuwapime kwa mizani hiyo hiyo, bila dharau na bila kuwaabudu. Bibi alimwachia mzazi achuchumae, ashike nguzo, azungukwe na wanawake wenzake. Alikuwa sahihi, na tarakimu sasa zinamuunga mkono. Bibi huyo huyo alikoroga mizizi ya kuharakisha uchungu, na hapo sikubaliani naye. Dawa inayokaza tumbo la uzazi bila kipimo inaweza kulipasua, iwe imetoka porini au imetoka kwenye sindano ya hospitali. Wanaosema "vya kwetu ni bora" na wanaosema "vya kwetu ni ushenzi" ni ndugu wa baba mmoja. Wote hawajahesabu.

Wala nisieleweke kwamba nawashambulia manesi. Mtu mmoja zamu ya usiku, wazazi wanane, glavu za kuazima, mshahara wa kuchekesha. Ukimwona anafoka, anafoka mtu aliyelemewa. Huyu ndiye wa kwanza kunufaika na ushahidi, maana unampunguzia kazi ya bure. Asinyoe, asichane ovyo, asishone kisichopaswa kushonwa. Shangazi amsaidie kumpa mzazi maji na kumsugua mgongo. Mfuko umkadirie damu. Wa kushambuliwa ni yule anayejua haya yote, ana bajeti na muhuri, na bado anasaini "kama kawaida".

Sasa nirudi kwetu wenye kalamu. Kiswahili kimetupa neno ambalo sijui kama tumewahi kulitazama vizuri: shahidi. Shahidi ni aliyeona akasema. Shahidi pia ni aliyekufa kifo chenye heshima mbele ya Mungu, na Waislamu wengi wanaamini mwanamke anayekufa kwa uzazi ni mmoja wao. Sina la kupunguza katika imani hiyo. Nasema tu kwamba mama zetu tumewapa maana ya pili bila choyo, na maana ya kwanza tumewanyima. Wakifa ni mashahidi. Wakiwa hai, wakisema "niliita mara tatu hakuja mtu", "nilichanwa bila kuulizwa", "damu ilikuwa inatoka wakasema ni kawaida", hao sio mashahidi tena, ni walalamishi. Neno "ushahidi" limetoka hapo hapo. Haliwezi kukamilika bila sauti zao, kama lilivyokuwa halijakamilika Vienna.

Kazi ya mwandishi ni nini kama siyo kuwarudishia maana ile ya kwanza? Usiniambie sanaa haina haja ya tarakimu. Sikuombi uandike jedwali. Nakuomba uulize. Kabla hujamuua mzazi kwenye ukurasa wa nne, nenda kakae na mkunga aliyestaafu, umuulize wazazi wanakufaje na wangeponaje. Muulize mama yako mwenyewe siku uliyozaliwa ilikuwaje: nani alimshika mkono, alilala vipi, aliambiwa nini. Wengi wetu tunajua majina ya marais wa nchi za mbali, hatujui hilo. Andika mzazi mwenye jina, anayeuliza maswali. Andika nesi mwenye miguu inayouma. Andika mzee wa msibani anayeanza kusema "kazi ya Mungu…" na mtoto wa kike pembeni anamkatiza: "Babu, samahani, damu ilipimwa?"

Watasema huyo mtoto hana adabu. Waache waseme. Wahenga walishatuambia kuuliza si ujinga, na hawakuweka alama ya isipokuwa mbele ya neno leba. Na wewe dada unayesoma huku umeshika tumbo, swali lako ni halali kliniki, ni halali wodini, hata ukiwa umevaa gauni la hospitali lililochanika mgongoni. Kwa nini mnanifanyia hivi? Inanisaidia nini? Ikikosekana itakuwaje? Naweza kuingia na mtu wangu? Mwenye jibu atajibu. Asiye na jibu atafoka, na hapo utakuwa umeshapata jibu.

Nani yuko tayari kuandika hadithi ambayo mama anapona, na bado ikawa hadithi? Hiyo ngumu. Lakini nani kakwambia uandishi ni kazi rahisi?